Orodha ya Vitabu si Msahafu



Yako mazoea ambayo hatuna budi kuyapinga kabla hayajaota mizizi. Kila inapoanzishwa kozi ya kuwafunza walimu namna ya kupanga mafunzo, yaani kuamua mwanafunzi ajue nini, apitie hatua zipi na apimwe vipi, orodha ya vitabu hutufikia ikiwa imekwisha kukatwa na kushonwa ng'ambo. Sisi tunaofundisha Dzaleka, wilayani Dowa, na wenzetu wa Lilongwe, hatuulizwi neno. Huambiwa tuipokee tu.

Hatusemi kwamba vitabu hivyo havina faida. Robert Gagné, ambaye kitabu chake juu ya masharti ya kujifunza kilitoka mwaka 1965, ametufundisha kupanga somo hatua kwa hatua, jepesi likitangulia zito. Lakini yafaa mwalimu aambiwe pia elimu hiyo ilikulia wapi. Gagné aliwahi kushughulikia mafunzo ya wanahewa wa Marekani. Na ule utaratibu mashuhuri wa kuchanganua, kusanifu, kutayarisha, kutekeleza na kutathmini ulitungwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Jeshini lugha ni moja, vifaa vipo, na aliyeamriwa kuhudhuria huhudhuria.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kiasi cha 10,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Katika chumba kimoja mwaweza kuwamo Mkongo asemaye Kiswahili, Mrundi asemaye Kirundi na Mmalawi asemaye Kichewa. Kitabu kisichojua kwamba darasa la namna hii lipo duniani hakifai kuwa kiongozi wetu wa pekee.

Wako watakaotujibu kwamba Kiswahili hakina maandishi ya taaluma hii. Hilo ni jawabu la mtu asiyetafuta. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akauliza swali ambalo kila mpangaji wa mafunzo hapaswi kulikwepa: elimu hii yamwandaa mtu kwa maisha gani? Kati ya 1968 na 1972, katika mradi wa Mwanza uliosaidiwa na UNESCO, watu wazima wa mikoa ya Ziwa walitungiwa vitabu vya kusomea vilivyojengwa juu ya pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi za mikono yao wenyewe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowagusa watu wapatao 2,000,000. Viongozi wa vikundi walifunzwa, redio ikasikilizwa, kitabu kikasomwa, watu wakajadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Mtihani wao ulikuwa choo kilichochimbwa. Ni mpango gani wa mafunzo ulio wazi kuliko huo?

Wengine husema cheti hupatikana kwa Kiingereza. Hatubishi. Mwanafunzi na amsome Gagné kwa Kiingereza, na mtihani aufanye kwa Kiingereza. Tunalolikataa ni mwalimu kuhitimu akijua kupanga mafunzo ya wauza duka wa Chicago, asijue kumtungia somo mtoto aliyeketi mbele yake.

Na jambo hili lina haraka. Mwezi Julai 2023 Malawi ilitangaza nia ya kuingiza Kiswahili katika mitaala ya shule zake. Masomo hayo atayatunga nani? Wasemaji wa Kiswahili wamejaa Dowa. Wasipofunzwa kupanga mafunzo kwa lugha yao, vitabu navyo vitaagizwa.

Basi twapendekeza kila kitabu kipimwe kwa maswali matatu kabla ya kuingizwa katika orodha. Je, mfano wake waweza kujaribiwa juma hili katika darasa lililofurika, pasipo umeme? Je, chamtambua mwanafunzi kuwa ni mtu mwenye lugha na ujuzi kabla ya kuja darasani? Je, nakala zake zapatikana kwa wote? Na kila kitabu cha mbali kisomwe sambamba na kimoja cha kwetu.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tuazime tunapohitaji, lakini tusiache kushona yetu.