Usimwambie Mgonjwa Atulize Moyo

UKINGONI MWA ZIWA: Safu ya kila juma
Na Assani Mmunga, Baraka

Katika mitaa ya Baraka hakuna nasaha itolewayo kwa wepesi kuliko ile ya kumwambia mtu aliyelemewa na maradhi ya kudumu kwamba atulize moyo, asiwaze sana, amwachie Mungu. Na kwa kuwa haimgharimu mtoaji hata faranga moja, hutolewa asubuhi na jioni, na jirani aliyekuja kuazima chumvi, na muuguzi aliyechoshwa na foleni, na mzee wa kanisa, na hata mume ambaye yeye mwenyewe ndiye chanzo cha nusu ya mawazo hayo. Nia ya nasaha hiyo ni njema, lakini humwacha mgonjwa mahali palepale alipokuwa, tena akiwa ameongezewa lawama.

Nasema haya mintarafu ya baridi yabisi, na hasa ile aina yake kali ambayo huvimbisha viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono yote miwili, ikamkakamaza mtu asubuhi kwa saa nzima au zaidi, kiasi kwamba kufunga kitenge kiunoni huwa kazi ya kuomba msaada. Ni maradhi yawapatayo wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na asili yake ni kinga ya mwili ambayo, badala ya kupambana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Hayatokani na uchawi, wala na sumu ya mke mwenza, ijapokuwa nawajua watu waliouza mbuzi wao wote kwa kuamini hivyo.

Tabia ya maradhi haya ni kulala na kuamka. Hulala majuma, pengine miezi, mgonjwa akaanza kujiona mzima, kisha huamka. Shangazi yangu, aliyeishi nayo kwa miaka mingi, hakuwa na maelezo mengine ila hilo neno moja, "umeamka," na kila mtu nyumbani alielewa kwamba siku hiyo hatatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, hatasonga bugali, wala hatafua. Na ukiwauliza wagonjwa kama yeye uliamka lini, aghalabu hawakutajii tarehe. Hukutajia tukio: uliposikika mlio wa bunduki upande wa milimani, alipofariki fulani, mtoto alipofukuzwa sekondari kwa kukosa ada, bwana alipokwenda kutafuta dhahabu Misisi akakaa kimya.

Wagonjwa hawa hawadanganyiki. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha katika jarida la Nature waraka mfupi ulioonyesha kwamba panya walioteswa kwa njia mbalimbali, iwe baridi, iwe jeraha, iwe kuchoshwa kupita kiasi, walipatwa na mabadiliko yaleyale mwilini, mojawapo likiwa kukua kwa tezi zilizokaa juu ya mafigo. Katika tezi hizo hutoka kortisoli, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuzima uvimbe. Lakini mtu akiishi katika dhiki isiyokoma, chembe za kinga huanza kutoitii, amri ikawa inatolewa na haisikilizwi, nao uvimbe ukapata wasaa wa kutamalaki. Mwaka 2018 ukatolewa utafiti uliotumia kumbukumbu za afya za Uswidi, ambao uliwafuatilia zaidi ya watu laki moja waliougua kwa sababu ya mshtuko au dhiki, ukakuta kwamba watu hao walipata maradhi ya kinga kujishambulia kwa takribani theluthi moja zaidi kuliko wenzao. Na hao ni watu wa Uswidi.

Seuze sisi wa Fizi, huku mashariki mwa Kongo! Mwenye umri wangu amezaliwa katika uasi wa 1964, akavuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 kwenda kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, akasikia akiwa huko habari za mauaji ya Makobola yaliyotokea mwaka 1998 ulipokuwa ukiishia, akarudi kwa meli bandarini hapa Baraka baada ya 2005 akiwa na mabati na mablanketi, akadhani yamekwisha. Kisha siku ya mwaka mpya wa 2011 wanawake wa Fizi mjini wakafanyiwa na askari yale yaliyoifanya mahakama ya kijeshi kuja kuketi hapahapa Baraka mwezi wa pili uliofuata. Na mwezi wa pili wa 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi, tukatazama tena barabara ya Uvira kwa jicho la mtu anayejua kinachofuata. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asiwe na wasiwasi, unamtaka awe mjinga.

Yuko mgonjwa mmoja wa Fizi ambaye jina lake linajulikana dunia nzima, ila hakumbukwi kwa ugonjwa wake. Mwezi wa nne wa 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akashuka Kibamba, katika ardhi yetu hii. Alikuwa daktari kwa elimu yake, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Na pumu nayo, kwa wasiojua, ni uvimbe wa kudumu, wa njia za hewa badala ya viungo. Huko milimani, kati ya homa na mvua, ilimwandama. Tena ni huko huko alikopata habari kwamba mama yake yu mahututi. Sipendi kudai kwamba najua ni shambulio lipi lilitokana na ukungu na lipi lilitokana na majonzi, wala mambo yake ya kisiasa si ya safu hii. Lakini mtazame: mtu mwenye elimu ya udaktari, mwenye dawa mkobani, ambaye hata maadui zake hawakumnyima sifa ya ushupavu, hakuweza kuyaamrisha mapafu yake yatulie. Iwapo yeye hakuweza, mama mwenye watoto wanane ng'ambo ya mto Mutambala atayaamrishaje magoti yake?

Kinachobaki, basi, ni kutazamia. Wavuvi wa Ubwari hawana uwezo wa kuuzuia upepo wa ziwani, lakini wana uwezo wa kutouingia bila kuusoma, na mgonjwa wa maradhi haya aweza kujifunza hivyo hivyo kuzisoma siku zake: kwamba msiba ukitokea leo, si lazima maumivu yaje leo, yaweza kuja baada ya siku kadhaa za kukesha na kutokula, kwamba usiku mbili au tatu za kukosa usingizi ni onyo la kusikilizwa, kwamba anapojihisi mzima asizitumie nguvu zake zote siku moja kwa kulipiza kazi zilizolala. Matangani, mathalani, desturi yetu humkesheza mfiwa mkekani na kumlaza chini kwa siku nyingi. Simwombi mtu aache kuomboleza. Naomba mwenye viungo vinavyowaka apewe godoro na alale, na asiwepo wa kumnong'onea kwamba hakumpenda marehemu.

Sasa nije kwenye jambo linalonitisha kuliko yote, nalo ni vile vidonge vidogo. Mwezi wa tisa wa 1948 Philip Hench, wa hospitali ya Mayo huko Rochester, Marekani, alimdunga kortisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache yule asiyeweza kujigeuza kitandani akatembea kwa miguu yake. Mwaka 1950 Hench na wenzake Kendall na Reichstein wakatunukiwa tuzo ya Nobel. Kabla ya miaka mingi kupita, madhara yakajitokeza: nyuso kuvimba, mifupa kudhoofu, sukari kupanda damuni, kinga kushuka hata kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamka. Ndugu za kortisoni hiyo, yaani prednisoloni na deksamethasoni, leo huuzwa kama njugu, bila karatasi ya daktari; na mgonjwa aliyepata nafuu kwa siku mbili hurudi kununua, akanenepa uso, majirani wakamsifu kwamba amepata afya, yeye akaendelea kumeza mwaka mzima.

Hapo ndipo vita na vidonge hukutana. Mwili uliozoea dawa hizo kwa muda mrefu huacha kutengeneza kortisoli yake wenyewe, hivi kwamba mtu akizikatiza ghafla anaweza kuzimia, shinikizo la damu likashuka, akafa. Na nani hukatiza dawa ghafla kama mtu aliyeamshwa saa nane za usiku akimbie? Ameshika mtoto, ameshika sufuria, vidonge vimebaki juu ya kabati. Kesho yake njiani anatapika, anaishiwa nguvu, na wote wanasema ni mshtuko. Kwa hiyo kila anayetumia dawa hizi kwa majuma mengi na aambiwe waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, kwamba huziacha kwa kupunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi, na kwamba dawa ya siku kadhaa pamoja na karatasi yake ya hospitali vikae daima ndani ya kifurushi cha kukimbilia. Tunacho sote kifurushi hicho, tusijifanye hatunacho.

Wachache waliobahatika kuandikiwa methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi inayotuliza kinga, wakumbuke kwamba humezwa mara moja kwa juma. Wako waliokufa ulimwenguni kwa kuimeza kila siku, na mjamzito haimfai kabisa. Na homa ikija, au kiungo kimoja peke yake kikivimba ghafla na kuwaka, mtu asiseme ni mawazo: aende kupimwa malaria, aende kuonwa siku ileile, kwa kuwa anayetumia dawa za kutuliza kinga aweza kuuawa na ugonjwa wa kawaida uliodhaniwa kuwa ni ule wa zamani.

Na huo wasiwasi wenyewe, je, hauna tiba? Unayo, na ithibati yake imetoka kwetu. Mwaka 2013 ulichapishwa katika jarida la tiba la New England utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, miongoni mwa wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia. Baadhi walikutana kwa vikundi, wakafundishwa kuyachambua mawazo yanayowarudia na kuyapima kama ni ya kweli. Wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Waongozaji hawakuwa madaktari bingwa, bali wasaidizi wa hapahapa waliopewa mafunzo. Baada ya miezi sita, katika vile vikundi waliosalia na dalili za sonona au fadhaa walikuwa takribani 9 kwa mia, na katika upande wa pili 42 kwa mia. Utafiti ule haukupima viungo, nami sitauongezea usichosema. Lakini umebatilisha hoja ya wale wasemao kwamba mambo ya moyo ni anasa ya Ulaya na kwamba sisi yatutosha sala na bia. Likelemba za akina mama, yaani vikundi vya kuchangiana fedha, zipo kila mtaa, zinakutana kila juma, zina kiongozi na daftari. Sioni sababu ya kanda za afya za Fizi na Nundu kutowafunza viongozi hao, wakati zinawafunza watu wa chanjo.

Limebaki suala la kinu, ambalo najua litaniletea ugomvi. Kutwanga sombe na kusonga bugali wa muhogo ndizo kazi mbili zinazovitesa vifundo vya mikono kuliko nyingine, na ndizo mgonjwa huona haya kuziacha, kwa kuogopa kuitwa mvivu na mawifi. Na haya hiyo nayo ni dhiki, kwa hiyo humrudia mlemle viungoni. Mzee mmoja tunayesali naye alinijibu, nilipomgusia, kwamba tangu enzi za babu zetu mwanamume wa Kibembe hashiki mchi. Nilimwuliza kwamba katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkewe alipolazwa na watoto wakiwa wadogo, nani alitwanga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kambini ilikuwa kambini, na kwamba hata hivyo alitwangia nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba panatosha, mzee wangu. Mchi hauulizi uko upande gani wa ua.