KIINGEREZA CHA KILA SIKU: Maneno madogo yanayoshika majina



Mwezi uliopita tulisoma majina ya vitu vya nyumbani kwa Kiingereza. Mwezi huu tutasoma maneno madogo. Ni madogo, lakini yana nguvu. Mtu anaweza kujua maneno yote makubwa katika sentensi, kisha akashindwa na neno moja dogo, akapoteza ng'ombe au fedha zake.

Tuanze na mbuzi. Soma sentensi hizi mbili polepole:

Only the goat died.
The only goat died.

Maneno ni yale yale manne. Lakini sentensi ya kwanza inasema: Aliyekufa ni mbuzi tu. Ng'ombe wamepona, kondoo wamepona, kuku wamepona. Ukipata barua yenye maneno hayo utasema, afadhali. Sentensi ya pili inasema: Mbuzi pekee aliyekuwapo amekufa. Hakubaki mbuzi mwingine. Hapo utampa mwenzako pole.

Sasa tuone mengine. "Even the goat died." Hata mbuzi amekufa. Maana yake wengine wamekufa, na mbuzi, ambaye hatukutazamia afe, naye amekwenda. "Almost all the goats died." Karibu mbuzi wote wamekufa. "Not a goat died." Hakufa mbuzi hata mmoja. Hii ya mwisho huwashangaza watu, kwa sababu neno "not" limeacha kitenzi likaja kukaa na mbuzi.

Mengi ya maneno haya huitwa vielezi. Wengi wetu tulifundishwa kuwa kielezi hueleza kitenzi: analima vizuri, amekuja upesi. Ni kweli. Lakini vielezi vingine hushika jina, au hushika hesabu. Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo, na wewe unayasema kila siku. Unasema "mbuzi tu", "hata mbuzi", "karibu wote", "angalau gunia moja". Kwa hiyo maana unaijua tayari. Kitu cha kuangalia ni mahali neno linapokaa. "Tu" yetu hukaa nyuma ya jina. "Only" ya Kiingereza mara nyingi hukaa mbele.

Nasema mara nyingi, si siku zote. Kwenye chupa za dawa na kwenye milango ya ofisi, "only" huja mwisho, sawasawa na "tu" yetu. "Cash only" ni fedha taslimu tu. "Members only" ni wanachama tu. Kwenye dawa nyingi za mifugo utaona maneno haya:

FOR ANIMAL TREATMENT ONLY

Maana yake: Kwa kutibu mifugo tu. Mtu akisoma neno "treatment" peke yake, yaani matibabu, anaweza kufikiri hii ni dawa kama dawa nyingine. Neno la mwisho ndilo linalofunga mlango. Vivyo hivyo "For external use only" ni dawa ya nje ya mwili tu. Hainywewi. Usiache kusoma kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Katika mazungumzo mambo ni tofauti kidogo. Mwingereza atasema, "I only sold two goats." Ameweka "only" karibu na kitenzi "sold", lakini maana yake ni kwamba ameuza mbuzi wawili tu, hakuuza zaidi. Anajuaje mwenzake? Kwa sauti. Anatia mkazo kwenye "two". Waingereza wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi akafundisha kwamba neno hilo liwekwe karibu na kile linachokieleza. Watu hawakumsikiliza. Mwaka 1926 mwandishi mwingine, H. W. Fowler, aliwatetea watu wa kawaida: ikiwa hakuna anayeweza kupotea, waachwe waseme wanavyosema. Mimi naona wote wawili wana haki, kila mmoja mahali pake. Ukizungumza, sauti yako itasaidia. Ukiandika, sauti haipo. Kama ulipelekewa mifuko miwili ya mbolea badala ya mitano, andika "I received only two bags." Weka "only" mbele ya "two", pasiwe na nafasi ya ubishi.

Sasa kuna mtego mmoja mbaya. Neno "few" ni chache. Neno "quite" katika kamusi utaliona lina maana ya kabisa, au kiasi. Je, "quite a few bags" ni magunia mangapi? Wengi hujibu: machache kabisa. Sivyo! Ni magunia mengi. Angalia:

few bags: magunia machache, hayatoshi
a few bags: magunia kadhaa
only a few bags: magunia machache tu
quite a few bags: magunia mengi kiasi

Mnunuzi akikuandikia, "Quite a few bags were wet," usitulie ukidhani ni gunia moja au mawili yaliyolowa. Anakuambia mengi yamelowa, na huenda anataka kupunguza bei. Nenda ukayahesabu mbele yake.

Tutazame na hesabu za siku. "At least 7 days" ni siku 7 au zaidi. "Up to 7 days" ni siku 7 au pungufu. Dawa nyingi za mifugo zina siku zake za kungoja kabla ya kunywa maziwa, na siku hizo huandikwa kwenye chupa au karatasi yake. Ukiona "at least", siku zinazotajwa ni za chini. Usipunguze hata moja.

Mwisho ni "once" na "twice", mara moja na mara mbili. Maneno haya hushikana na siku: "once a day", "twice a day", au "twice daily". Zahanati zetu husema "mbili kutwa mara mbili". Ni vidonge vingapi kwa siku? Ni 4. Usicheke. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi yao na wagonjwa 395 katika miji ya Shreveport, Chicago na Jackson. Wagonjwa walisoma lebo iliyoagiza vidonge viwili, "twice daily". Kati ya kila wagonjwa 100 wenye kisomo kidogo, wapatao 71 waliieleza lebo sawasawa. Lakini walipoambiwa waonyeshe vidonge vya siku nzima, ni wapatao 35 tu waliopata. Na hao wanaishi katika nchi ya Kiingereza. Basi ukipewa dawa, vihesabu vidonge vya siku moja mkononi mbele ya mhudumu, akuone.

Haya, chukua kalamu. Andika maana ya sentensi hizi kwa Kiswahili. Majibu yatakuwa katika toleo lijalo.

1. Even the clerk paid.
2. Only the clerk paid.
3. Quite a few cows are sick.
4. Almost all the maize is dry.
5. Wait at least 3 days.