Ushauri wa Umma Usifungiwe Kabatini

Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaka bunge la kaunti liendeshe vikao vyake, na vya kamati zake, hadharani. Sharti hilo halimo katika kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kilichounda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Humo gavana na mawaziri wake hushauriana kuhusu bajeti na wawakilishi wa makundi kama vile wafanyakazi, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Wapo wasemao kwamba jukwaa hushauri tu, haliamui. Basi uwazi wa nini? Naikataa hoja hiyo. Bajeti ifikapo bungeni, mengi yamekwisha kupangwa. Na mwakilishi wa wazee atawajibikaje kwa wazee wenzake, ikiwa kumbukumbu za kikao hazionekani?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa afisa hadi siku 21 kulijibu ombi la raia. Mjadala wa bajeti hausubiri. Kwa hiyo tarehe, ajenda na kumbukumbu zitangazwe mapema, bila kuombwa. Anayeshauri kwa niaba yetu, tumsikie.