Toa mwiba kabla ya kuziba tyubu

Ikiwa mwanao amekulilia miezi na miezi umnunulie baiskeli ya milimani, ile yenye tairi nene na gia tele, na mwishowe ukamnunulia, basi ukurasa huu usiufungie nyama kabla hajausoma. Muuza duka atamwonyesha gia na breki. Hatamwambia la kufanya siku atakapopata panchari mahali ambapo hakuna fundi hata wa dawa.

Mimi siku hiyo ilinikuta Dundori. Kwa wasiopajua, Dundori iko juu ya Lanet, kaskazini mashariki mwa jiji la Nakuru, kwenye njia iendayo Ol Kalou. Ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, nchi ya baridi na ukungu. Kwenda huko ni kupanda tu, na kurudi ni kuteremka. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Baiskeli tulizipandisha juu ya matatu (waendeshaji hodari watatucheka, na wacheke) ili tuje tukiteremka taratibu kwa vijia vya mashambani hadi Lanet.

Sasa, vijia hivyo vimepakana na nyua za kayaba. Huu ni mti ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika, na hakuna ng'ombe wala mwizi anayeupenda, kwani miiba yake hurefuka kama kidole. Wenye mashamba huupogoa kwa panga, na yale matawi madogo huanguka njiani. Yakiwa mabichi si mabaya sana. Yakikauka, mwiba huwa mgumu kama msumari.

Hatukuwa tumekwenda mbali tairi ya mbele ya mpwa wangu ilipoanza kutoa upepo. Kijana alifanya jambo moja la busara: hakuikamata breki ya mbele. Tairi ya mbele ikiishiwa na upepo mteremkoni, shika usukani wima, punguza mwendo kwa breki ya nyuma, kisha ushuke. Wala usijaribu kuendelea hivyo hivyo hadi utakapofika, maana rimu itaikata tyubu na tairi yenyewe, nawe utakuwa umegeuza hasara ya kiraka kuwa hasara ya gurudumu.

Tulikuwa na pampu, gundi na viraka vitatu. Tukaitoa tyubu, tukaliona tundu, tukalibandika kiraka, tukarudisha kila kitu mahali pake na kujipongeza. Kabla ya nusu kilomita, tairi chini! Tukaziba tena. Kiraka cha pili nacho hakikutufikisha popote. Kwa mbali mvua ilikuwa ikijikusanya upande wa Menengai, saa kumi na moja ilikuwa imepita, nasi tumebakiwa na kiraka kimoja.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja aliyekuwa akitoka kukata majani ya ng'ombe.

"Poleni, vijana. Mmetoa mwiba?"

"Tumeshaziba, mzee," mpwa wangu akajibu.

"Sikuuliza kama mmeziba," mzee akasema, akautua mzigo wake.

Naam, nilitamani ardhi inimeze. Nimeandika safu hii muda mrefu, na nilikuwa nimesahau jambo la kwanza kabisa. Mwiba ulikuwa umekatikia ndani ya mpira wa tairi, nje hauonekani, na kila tulipotia upepo uliitoboa tyubu upya palepale.

Basi msomaji, ipe desturi hii kichwani mwako. Kila uvalishapo tairi, maandishi ya jina la kiwanda yaweke mkabala na valvu. Siku ya panchari, jaza tyubu upepo na uitafute sauti. Ipitishe karibu na midomo au shavu, au uitumbukize kwenye maji ya mtaro utazame vipovu. Ukishapata tundu, ilaze tyubu juu ya tairi, valvu ikielekeana na yale maandishi. Mwiba hauna pengine pa kujificha isipokuwa mkabala na tundu hilo, ama upande huu wa valvu ama ule, ikiwa tyubu umeigeuza. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu, maana kitambaa kitanasa nawe hutachomwa. Kisha usukume mwiba utoke nje kwa ncha ya spana au koleo.

Tundu lenyewe husema. Likiwa upande wa nje wa tyubu, unaogusa barabara, tafuta mwiba, kigae au msumari. Likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, basi ni ncha ya spoki iliyochomoza kwa sababu ule utepe wa kufunika spoki umechakaa. Ukiona matundu mawili sambamba, mfano wa meno ya nyoka, usihangaike kutafuta mwiba. Tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu kwa kuwa upepo ulikuwa haba, na dawa yake ni pampu.

Kuhusu upepo, wengi hukosea pande zote mbili. Tairi ngumu kama jiwe hukurusharusha kwenye kokoto. Tairi legevu nayo hubanwa. Soma ubavuni mwa tairi, kiwango kimeandikwa hapo. Kwa tairi ya kawaida ya milimani yenye tyubu, mtu wa kilo 70 hivi ataona paundi 35 hadi 40 zinamfaa kwenye njia za udongo na mawe. Na utazame valvu yako kabla hujaondoka. Nene ni kama ya gari, hata pampu ya kituo cha petroli itaijaza. Nyembamba huhitaji pampu yake. Ya Black Mamba za kale ina kijimpira ndani, nacho kikioza utaziba tyubu mchana kutwa na upepo uendelee kutoka.

Turudi kwa kile kiraka chetu cha mwisho. Tulikwaruza tyubu kwa msasa kupita ukubwa wa kiraka, tukapaka gundi nyepesi, tukangoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda vijana. Gundi ikiwa bado inang'aa, kiraka hakitashika, na kwa baridi ya Dundori dakika tano hazitoshi. Tulingoja karibu kumi, mzee akituhadithia bei ya viazi. Kisha tukabandika, tukakandamiza kwa nguvu. Tukaitia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, tukaivalisha tairi kwa vidole gumba tukimalizia kwenye valvu. Usivalishie kijiko! Kijiko ni cha kuvulia, na hata hapo kishike polepole, kwani panchari nyingi za pili hutobolewa na kijiko.

Tangu siku hiyo natembea na tyubu ya akiba. Naibadilisha njiani na kuziba ile mbovu nyumbani nikinywa chai. Nabeba pia kipande cha tairi kuukuu. Ubavu wa tairi ukichanika, kiweke ndani mahali pa mpasuko kabla ya kutia upepo. Hata kipande cha pakiti ya maziwa kitakufikisha nyumbani. Mafundi wetu wa mitaani wana mbinu nyingine: huchana tyubu kuukuu na kuitandika ndani ya tairi iwe kinga. Huongeza uzito, lakini inafaa kwa nchi ya kayaba. Wenye uwezo siku hizi hutumia tairi zisizo na tyubu, zenye majimaji ndani yanayoziba tundu dogo lenyewe. Tuliobaki, tukiona tawi limepogolewa njiani, tushuke tubebe baiskeli begani. Si aibu.

Wala tusinung'unike sana. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi ya upepo kule Belfast mwaka 1887, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, tairi zilikuwa zikigandishwa kwenye rimu, na panchari moja ilikula saa kadhaa. Hadi ndugu wa Michelin walipoleta tairi ya kuvuliwa mwaka 1891.

Tulifika Lanet giza likiingia, tumelowa, tairi ikiwa imesimama. Kesho yake mpwa wangu aliipekua tairi ile pamoja na ya nyuma, akachomoa miiba minne zaidi ambayo ilikuwa haijafika kwenye tyubu. Ameihifadhi kwenye kifuniko cha chupa, dirishani pake.

Juma lijalo tutazungumzia breki.