Gunia Lilelile kwa Kila Udongo

Mwezi wa tatu, Mlima Elgon ukianza kunguruma kwa radi, mazungumzo katika duka la pembejeo la Lwakhakha huwa mafupi. "Mayi, nipe ya kupandia." Muuzaji haulizi ni ya shamba gani. Gunia la mbolea ya DAP linashushwa, mwenye bodaboda anafunga kamba, basi.

Na shamba lenyewe linaweza kuwa popote. Juu huko, kwenye miteremko ya volkeno hii iliyozimika zamani, udongo ni mwekundu, mzito, wenye kina. Kahawa na migomba imeuzoea. Teremka kuelekea Malakisi na Bungoma, miamba ya matale inaanza kuchomoza na udongo unageuka kichanga, mwepesi, usioshika maji wala rutuba. Bodaboda hukuvusha tofauti hiyo kabla hujamaliza kuulizana habari za nyumbani na dereva. Mbolea haibadiliki.

Mazoea haya hayakuzuka jana. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya Haibridi 611, uzao wa mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ecuador. Mbegu ilikuja na masharti yake: panda mapema, panda kwa mistari, tia mbolea. Waliotii walivuna, na anayevuna haulizi maswali mengi. Baadaye DAP, yenye naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46, ikazoeleka mpaka kwa wengi jina lake na neno mbolea vikawa kitu kimoja.

Kasoro yake huja polepole. Naitrojeni ya DAP ni ya amonia, na vijidudu vya udongo vikiigeuza kuwa nitrati huacha asidi nyuma. Juu ya hayo kuna mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka inayoosha kalisiamu, na mabua yanayopelekwa kwa ng'ombe bila samadi kurudi shambani. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala udongoni huyeyuka na kuviza ncha za mizizi. Fosforasi nayo hunaswa na chuma na alumini, hasa katika udongo mwekundu. Mkulima ameilipia, imo shambani mwake, na mahindi yake yanazambarauka majani kwa kuikosa.

Kwa hiyo ruzuku ya mbolea ina sifa na ina pengo. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata likafika 2,500. Sitamcheka aliyepiga foleni kwenye maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, kwa bei hiyo. Mimi pia ningepiga. Lakini ruzuku ilihangaikia bei. Gunia gani liende shamba gani, hilo aliachiwa mwenye shamba akisie.

Wapo wanaosema dawa ni moja: pima udongo kwanza. Nakubaliana nao nusu. Kupima bila chokaa ya kilimo karibu ni kama kupimwa malaria katika zahanati isiyo na tembe. Chukua kiwango cha tani mbili kwa hekta, ambacho si kikubwa kwa udongo mchachu: ni magunia kama 16 kwa ekari. Sasa yatoe Koru, kule Kisumu, uyafikishe kwenye kilima ambako lori linagoma mvua ikinyesha. Mwenye ekari moja akipewa cheti cha maabara atakikunja vizuri, akiweke kabatini, aende kununua DAP.

Wengine wanataka chokaa igawiwe kila mtu. Hapo ndipo tungerudia kosa lilelile kwa gunia jipya. Kichanga cha chini kinahitaji chokaa kidogo kuliko udongo mzito wa juu, na ikizidi, madini kama zinki hufungika, mazao yakadumaa upya.

Macho ya mkulima yanajua mengi. Gugu la kayongo likichanua zambarau kati ya mahindi, anajua shamba limechoka. Anajua boma la zamani linazaa, na kwamba migomba iliyo kando ya kichuguu haimwangushi. Ila uchachu hauonekani. Udongo mwekundu wa kuvutia unaweza kuwa mchachu kuliko kichanga kinachodharauliwa. Sampuli nayo ina adabu yake: sehemu 15 hivi, kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20, zichanganywe. Wengi huchota konzi moja nyuma ya jiko, penye majivu na mavi ya kuku, kisha wakashangaa maabara ikiwasifu.

Maoni yangu ni kwamba sehemu ya fedha za ruzuku iondoke kwenye gunia, ilipie upimaji katika kila wadi na usafiri wa chokaa hadi sokoni Chwele, Sirisia na Lwakhakha. Vocha ya mkulima nayo imruhusu kuchagua chokaa, au mbolea isiyochachua sana, kulingana na cheti chake. Kazi ianze Desemba, mahindi yakishatoka shambani, chokaa ichanganywe na udongo Januari, maana haifanyi kazi kwa wiki moja. Majibu yakiletwa mwishoni mwa Aprili, mahindi tayari yako magotini.