Dereva Mkosaji Apelekwe Kozi Ipi?

Ni desturi katika ofisi zetu nyingi kwamba dereva akipatikana na kosa la barabarani hulipa faini, akaandikiwa barua ya onyo, na jalada likafungwa. Mkuu wa idara mwenye juhudi zaidi huongeza hatua moja: humpeleka dereva huyo kozi. Kozi gani? Swali hilo aghalabu haliulizwi. Hutafutwa chuo kilicho karibu, chenye ada ndogo na siku chache, na dereva hurudi na cheti kisichokuwa na uhusiano wowote na kosa lililompeleka huko.

Katika wilaya kama Same uzembe huo ni wa hatari. Hapa pana barabara za namna mbili zisizofanana hata kidogo. Chini ipo barabara kuu ya lami itokayo Korogwe, ikapita Hedaru, Makanya na Same mjini hadi Mwanga na Moshi. Sehemu zake nyingi zimenyooka na zinaalika mwendo, na dereva atokaye Dar es Salaam huzifikia akiwa amekwisha kuchoka. Juu zipo njia za milima ya Upare, za Mbaga, Suji, Chome na Vudee: kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili, na mvua ikinyesha utelezi huanza. Dereva wa chini hukosa kwa mwendo, kwa kulipita gari jingine pasipostahili, na kwa usingizi. Dereva wa juu hukosa kwa gia na breki. Itakuwaje basi wote wawili wapewe somo moja?

Mtu aliyejifunzia udereva katika tambarare, akishuka kutoka Mbaga na gari lililojaa mizigo, hukanyaga breki mfululizo. Breki huchemka, na breki iliyochemka haishiki. Wapo pia wale wanaoondoa gia kabisa ati kuokoa mafuta, wakaliacha gari literemke kwa uzito wake lenyewe. Madereva wakongwe hufundishana kushuka kwa gia ile ile waliyopandia, ili injini ilizuie gari na breki ibaki kuwa akiba. Na gia hiyo huchaguliwa kabla mteremko haujaanza, kwa sababu katikati ya mteremko huenda isiingie. Elimu hiyo haipatikani kwa kukariri picha za alama za barabarani darasani. Hupatikana mlimani, mwalimu akiwa ameketi kando ya mwanafunzi.

Tugeukie barabara kuu. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba, wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Taarifa ya Ikulu ilieleza kwamba tairi ya mbele ya basi ilipasuka na dereva akashindwa kulimudu gari. Sina nia ya kumhukumu dereva huyo. Nauliza tu: ni madereva wangapi wa magari ya abiria waliokwisha kufundishwa, kwa vitendo, la kufanya tairi ya mbele inapopasuka? Silika humwamuru mtu apige breki kwa nguvu, na gari huzidi kuvutwa upande wa tairi iliyopasuka. Ipasavyo ni kuushika usukani imara kwa mikono miwili, kuuondoa mguu polepole kwenye pedali ya mafuta, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Jambo hilo lina uwezekano katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria kwa mabasi. Katika kilometa 110 hubaki kuomba Mungu.

Vyuo tunavyo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinawafundisha madereva wa magari ya abiria. VETA inafundisha udereva. Na LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inawatahini na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Kilichopungua ni mtu wa kulinganisha kosa na somo.

Wenzetu wa Uingereza wamelitazama jambo hili kwa makini. Aliyezidisha mwendo kidogo aweza kupewa kozi ya mwendo badala ya faini, wala hapewi tena ndani ya miaka 3. Aliyeendesha amelewa ana kozi nyingine kabisa, na akiimaliza, muda wake wa kufungiwa leseni huweza kupunguzwa kwa kiasi kisichozidi robo yake. Huko kosa ndilo linalochagua darasa. Kwa upande mwingine, California nchini Marekani, dereva mwenyewe hujichagulia shule katika orodha iliyoidhinishwa, na akihitimu, kosa lake hufichwa machoni pa kampuni za bima. Matokeo yake ni shule kushindana kwa wepesi na urahisi wa bei. Naona ofisi zetu, bila kujua, zimeiga huko kwa pili.

Walimu wasidhani wameachwa nje. Maafisa Elimu Kata wengi husafiri kwa pikipiki, na mwalimu wa milimani hutegemea bodaboda kufuata mshahara wake mjini. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Unafuu huo ulistahili. Lakini shilingi 10,000, na hata zile 30,000 za awali, hazimfundishi mtu kuikata kona yenye changarawe akiwa amepakia abiria wawili na gunia la tangawizi.

Kwa hiyo afisa utumishi anapoandika barua ya kumpeleka dereva chuoni, ataje kosa waziwazi: tarehe, mahali, aina ya gari, na hali ya barabara. Aulize chuo kwa maandishi ni saa ngapi za mafunzo zitakuwa barabarani na ni ngapi za darasani. Dereva akirudi, kabla ya kukabidhiwa funguo, fundi mkuu wa halmashauri apande naye gari lenye mzigo kutoka Same hadi Mbaga, washuke pamoja, na wakifika chini fundi aguse magurudumu kwa mkono aone kama breki zimechemka.