Mtoto Haanzi Kuandika kwa Lugha Asiyoijua

Imeenea miongoni mwa wazazi wa Kampala imani kwamba mtoto anayeanza kuandika kwa lugha ya nyumbani anapotezewa muda, na kwamba Kiingereza kikitangulia uandishi utafuata wenyewe. Imani hiyo haina msingi, na madhara yake yamo katika madaftari yenye mwandiko safi yasiyo na wazo hata moja la mtoto mwenyewe.

Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, chenye makao yake Kyambogo, kilikwisha kuonyesha njia nyingine. Mtaala wake wa mada, yaani mtaala unaopanga masomo kwa kufuata mambo anayoyajua mtoto, kama nyumba, shule na chakula, ulianza kutumika mwaka 2007, ukaagiza kwamba lugha ya eneo itumike kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu, na darasa la nne liwe la kuvukia Kiingereza. Uliacha, hata hivyo, mwanya kwa shule za mijini zenye watoto wa lugha nyingi, na shule nyingi za Kampala zikapita humo.

Kuandika ni kugeuza sauti kuwa herufi na, zaidi ya hapo, kupanga mawazo ili msomaji asiyekuwepo aelewe. Mtoto anayecheza, kugombana na kusimulia kwa Kiluganda ana mawazo tele, na kwa kuwa tahajia ya Kiluganda, yaani utaratibu wa kuandika maneno, hufuata matamshi kwa karibu, akishazijua herufi anaweza kujaribu hata neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa. Akilazimishwa Kiingereza, maneno ya kuwazia hana, na tahajia humtaka akariri neno mojamoja. Ndipo anapobaki kunakili ubaoni, na kunakili si kuandika.

Hofu ya wazazi inaeleweka, kwa sababu mtihani wa darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza. Lakini Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alikwisha kueleza mwaka 1979 kwamba stadi za kusoma na kuandika zilizojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia lugha ya pili: aliyejua kupanga kisa kwa Kiacholi hajifunzi upya kukipanga kwa Kiingereza, bali hujifunza msamiati na sarufi.

Darasa la lugha nyingi ni tatizo la kweli kwa mwalimu, lakini nyumbani tatizo hilo halipo. Mzazi anaweza kumwomba mtoto amwandikie bibi yake kijijini barua kwa lugha wanayozungumza, akamuuliza kilichofuata, na makosa ya tahajia yakasubiri mpaka kisa kiishe.